Vitabu vya sala vya Flandria: si Biblia, si kazi ya watawa, wala si dhahabu tupu

Januari 2014, katika mnada wa Christie's mjini New York, kitabu kimoja cha sala kilinunuliwa kwa dola milioni 13.6. Mnunuzi alikuwa tajiri wa Australia, Kerry Stokes. Kitabu chenyewe huitwa Kitabu cha Sala cha Rothschild, kilitengenezwa Flandria mwanzoni mwa karne ya 16, na tayari kilikuwa kimewahi kuushtua mnada mwingine: mwaka 1999 kiliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 8.5, muda mfupi baada ya Austria kuirudishia familia ya Rothschild mali iliyoporwa na Wanazi mwaka 1938.

Picha za kurasa za vitabu vya aina hii haziishi kuzunguka mitandaoni, na maelezo yanayoandamana nazo ni yale yale. Huyu anaandika ni Biblia ya kale. Yule anasema ni kazi ya watawa waliojifungia monasterini. Mwingine anaapa kwamba ni dhahabu tupu, na wa nne anatuhakikishia kuwa mtu mmoja aliichora peke yake mpaka akazeeka. Kila mmoja ameshika ncha ya jambo, ila hakuna aliyelipata lote. Tulifungue fundo hili taratibu.

Ni kitabu gani hasa

Wakatoliki wanaosali Masifu ya Asubuhi na ya Jioni wana nusu ya jibu mkononi. Kwa karne nyingi mapadre na watawa walisali kwa vipindi maalumu: usiku, alfajiri, mara kadhaa mchana, jioni na kabla ya kulala, jumla vipindi vinane. Kitabu kamili cha sala hizo, breviari, kilikuwa kinene na kigumu kwa asiyefunzwa. Watu wa kawaida waliotamani kufuata mpango huo nyumbani kwao wakatengenezewa toleo fupi. Hicho ndicho kitabu cha vipindi, na vingi vya vitabu tunavyovizungumzia hapa ni vya namna hiyo.

Ndani yake kuna kalenda ya sikukuu za watakatifu, vifungu vichache vya Injili, Vipindi vya Bikira Maria ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa kitabu, Zaburi saba za toba, Litania ya Watakatifu, sala za marehemu, na sala fupi kwa mtakatifu huyu au yule kulingana na shida ya mwenye kitabu. Sehemu kubwa imetoka kwenye Zaburi, kwa hiyo maneno ya Biblia yamejaa. Lakini kukiita kitabu hiki Biblia ni kukosea. Hakikukusudiwa kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa cha kufunguliwa mahali pa kipindi husika, kusaliwa, kufungwa, na kurudiwa kesho.

Flandria nayo inahitaji neno moja. Leo ni sehemu ya kaskazini ya Ubelgiji, na wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi wamewasikia Waflandria kupitia wamisionari wa karne iliyopita. Katika karne ya 15 hakukuwa na nchi iitwayo Ubelgiji, kwani hiyo ilizaliwa 1830. Flandria ilikuwa jimbo tajiri chini ya watawala wa Burgundia, ukoo wenye asili ya Ufaransa, na miji yake miwili mikuu, Brugge na Gent, iliishi kwa nguo za sufu na biashara ya kimataifa. Waitaliano, Waingereza, Wahispania, Wareno na Wajerumani walikuwa na mawakala wao Brugge. Tuushike ukweli huo wa biashara, kwa sababu ndio unaoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Na kunakshi? Hapa maana yake ni kuupamba ukurasa kwa rangi na dhahabu, kwa ngazi tatu. Ya chini ni herufi kubwa za mwanzo wa sala. Ya kati ni pambizo, ile nafasi inayozunguka maandishi. Ya juu ni picha inayojaza ukurasa mzima, kwa kawaida tukio la maisha ya Maria au mateso ya Yesu. Mwenye fedha kidogo alipata herufi tu. Mwenye fedha nyingi alipata zote tatu.

Watawa wamo, lakini si wao walioendesha kazi

Miaka mia kadhaa kabla ya hapo, naam, vitabu vya Ulaya vilinakiliwa hasa monasterini. Kufikia karne ya 15 kazi hiyo ilikuwa imehamia mjini, kwa mafundi walei wenye wake, watoto, madeni na majirani wagomvi. Baadhi ya watawa waliendelea kunakili na kuchora, ila soko lilikuwa la karakana.

Kitabu kimoja kilipita mikono mingi. Mmoja aliandaa ngozi. Mwingine aliandika maandishi, akiacha nafasi tupu za picha. Wa tatu alitia dhahabu, wa nne akachora pambizo, wa tano picha kubwa, wa sita akajalidi. Mara nyingi muuza vitabu ndiye aliyepokea oda na kuigawa. Kitabu cha Rothschild chenyewe kina mikono ya wachoraji kadhaa, na kati yao wataalamu humtaja Gerard Horenbout wa Gent.

Tena, vingi havikuwa na oda kabisa. Ni kama nguo: kuna ya kupimwa kwa fundi, na kuna ya kununua imeshatundikwa dukani, ukifika nyumbani unapunguza mikono. Karakana za Brugge zilitengeneza vitabu vya kutundikwa, zikavisafirisha kwa wingi hasa Uingereza, vikiwa na kalenda na sala zilizopangwa kwa desturi ya huko. Mnunuzi aliongezewa nembo ya ukoo wake au picha ya mtakatifu wake. Kitabu kikibadili mwenyewe, nembo mpya ilipakwa juu ya ile ya zamani.

Mbinu iliyoirahisisha biashara hii ilikuwa kuchora picha kwenye majani ya ngozi yaliyo moja moja. Mchoraji alichora picha kwenye jani la ngozi lililoachwa tupu upande wa nyuma, na jani hilo likaja kupachikwa ndani ya kitabu chochote. Picha ya Malaika Gabrieli akimletea Maria habari ilihitajika karibu katika kila kitabu, basi kwa nini usichore kadhaa mapema? Shida ni kwamba majani hayo yalianza kuingizwa Brugge kutoka Utrecht, mji wa Uholanzi ya leo, na mafundi wa mjini wakalalamika kwamba riziki inapotea. Mwaka 1427 ikaamuliwa kuwa majani kama hayo yasiingizwe kutoka nje, na wachoraji wa mjini wapige alama yao kwenye kazi zao. Ugomvi wa bidhaa za nje na viwanda vya ndani, kwa maneno mengine, si jambo la juzi.

Sheria ilizuia picha, haikuzuia watu. Willem Vrelant, aliyetokea upande wa Utrecht, alihamia Brugge na kuwa mmoja wa wenye karakana waliofanikiwa zaidi mjini hadi alipofariki 1481. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mwanamke, Elisabeth Scepens, ambaye aliandikishwa katika chama cha mafundi wa vitabu, na baada ya kifo cha Vrelant akaendeleza kazi pamoja na mjane wa bwana huyo. Nalitaja jina lake makusudi, maana ile picha ya mtawa mzee mwenye ndevu huwafuta watu kama yeye.

Kuna jambo jingine linalowakera watu wa leo wanapoligundua: kunakiliana. Karakana zilitunza vielelezo, yaani michoro ya mfano, na umbo lile lile la mchungaji aliyepiga goti au punda aliyegeuza shingo linaibuka katika kitabu baada ya kitabu, kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kalenda ya Breviari ya Grimani, kazi ya Flandria ya miaka ya 1510 ambayo sasa iko Venice, iliazima wazi wazi michoro ya kitabu cha Kifaransa kilichotengenezwa karibu karne moja kabla. Haikuhesabiwa aibu. Kadinali Domenico Grimani aliilipia dukati 500, yaani sarafu za dhahabu, bila kulalamika kwamba ameuziwa nakala. Ubora ulipimwa kwa namna fundi alivyolitekeleza umbo, si kwa kulibuni.

Ngozi, rangi, na aina mbili za dhahabu

Kurasa ni ngozi, mara nyingi ya ndama. Ililowekwa kwenye maji ya chokaa ili manyoya yatoke, ikavutwa kwenye fremu, ikakwanguliwa kwa kisu cha mviringo ikiwa bado imevutwa mpaka ikawa nyembamba na laini. Haikutiwa dawa za kuigeuza ngozi ya viatu. Ukiitazama kwa makini, upande uliokuwa na manyoya huwa na vitundu vidogo na rangi ya manjano kidogo kuliko upande wa nyama.

Wino ulichanganywa kutokana na vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, na kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini. Rangi zilitoka kila upande wa dunia. Nyekundu ya zinjifuri ilipikwa kwa zebaki na salfa. Nyeupe ilikuwa ya risasi, sumu kabisa kwa mwenye mazoea ya kulamba brashi. Kijani kimoja kilikuwa kutu ya shaba, na kimeng'ata ngozi katika vitabu vingi hadi leo. Buluu ya thamani zaidi ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, katika Afghanistan ya leo, ndiyo maana mara nyingi iliwekewa vazi la Maria. Rangi hizi zilishikizwa kwa gundi au ute wa yai.

Sasa dhahabu. Ni dhahabu ya kweli, hapo watu hawakudanganywa, lakini ni kidogo mno kuliko macho yanavyodhani. Mfua dhahabu aliipiga mpaka ikawa nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Jani hilo lilibandikwa juu ya tabaka la gundi na chokaa, kisha likasuguliwa kwa jiwe la akiki au jino la mbwa mpaka likang'aa kama kioo. Kazi hii ilifanywa kabla ya kupaka rangi, kwa sababu dhahabu hung'ang'ania kila kilicho na unyevu na kusugua kungeharibu picha.

Aina ya pili ilisagwa kuwa unga, ikachanganywa na gundi na kupakwa kwa brashi kama rangi nyingine yoyote. Mafundi waliiweka kwenye magamba ya kome. Haing'ai sana, imepoa, ina rangi ya mchanga wa jioni. Usiipite haraka aina hii, kwa sababu bila hiyo mapinduzi ya uchoraji wa pambizo Flandria yasingewezekana.

Nzi aliyetua pambizoni

Hadi katikati ya karne ya 15 pambizo za vitabu vingi zilijaa vikonyo vyembamba na vijani vya dhahabu inayong'aa. Vilikuwa vizuri, bapa, na vilionekana wazi kuwa ni mapambo. Katika miaka ya 1470, Gent na Brugge, mtindo ukageuka ghafla. Pambizo ikawa ukanda mpana wa dhahabu ya unga, au wa rangi moja iliyopoa, na juu yake yakatawanywa maua yaliyokatwa kama mtu ameyaangusha sasa hivi: waridi, urujuani, ua la stroberi pamoja na tunda lake. Kati ya maua kuna kipepeo, kiwavi, konokono, kereng'ende, na nzi.

Siri iko kwenye kivuli. Kila kikonyo kina kivuli chake chembamba cha kahawia upande mmoja, kana kwamba mwanga unatoka dirishani upande wa pili. Juu ya dhahabu inayong'aa kivuli hakikai, mng'ao hukimeza. Juu ya dhahabu ya unga kinakaa. Kwa hiyo jicho linaambiwa kwamba ukanda ule ni meza, na kwamba nzi yule hayumo katika picha bali ametua juu ya kitabu chako. Mkono unataka kumfukuza.

Wapo wanaosema ni utani tu wa mafundi wenye ujuzi uliopita kiasi. Utani umo, siukatai. Lakini tazama walivyopachika vitu vingine. Katika vitabu kadhaa pambizo zimejaa beji za mahujaji, vile vipande vya madini vilivyouzwa kwenye makanisa ya hija, zimechorwa kana kwamba zimeshonwa kwenye ukurasa. Na tunajua kuwa baadhi ya waumini walizishona beji za kweli ndani ya vitabu vyao vya sala. Matundu ya sindano bado yapo. Mchoraji alikuwa anaiga kitu ambacho mwenye kitabu alikifanya kwa mikono yake. Katika kitabu cha Engelbert wa Nassau, mkuu mmoja wa ikulu ya Burgundia, kilichopo Oxford, kuna pambizo ambayo ni rafu yenye vyombo vya udongo na kioo, na ndani ya fremu hiyo Mamajusi wanamsujudia Mtoto Yesu. Vyombo viko karibu nawe, kama vya sebuleni. Bethlehemu iko nyuma yake. Ili ufike kwenye tukio takatifu inabidi macho yapite nyumbani kwako kwanza.

Ukurasa unaolieleza hili vizuri kuliko mwingine wowote umo katika kitabu cha vipindi cha Maria wa Burgundia, kilichopo Vienna na kilichotengenezwa karibu mwaka 1477. Mwanamke ameketi dirishani, amevaa mavazi ya gharama. Mapajani amelala mbwa mdogo. Mikononi ana kitabu cha sala, amekishika juu ya kitambaa cha kijani ili vidole visiguse jalada. Kwenye kizingiti cha dirisha kuna chombo cha kioo chenye maua ya iris na vito vilivyowekwa kizembe. Dirisha liko wazi, ila nje yake hakuna bustani wala mtaa. Kuna kanisa refu la mawe, na mbele ya altare ameketi Maria na Mtoto, na upande mmoja amepiga magoti mwanamke mwenye hadhi, pamoja na wenzake. Wengi humchukulia kuwa ni yule yule: anasali chumbani, na anachokisali anakiona.

Yeye ni nani, wataalamu wanabishana. Huenda ni Maria mwenyewe, binti aliyerithi Flandria baada ya baba yake kuuawa vitani Nancy mwezi Januari 1477 na kuolewa Agosti mwaka huo huo, kisha akafa 1482 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Huenda ni mama yake wa kambo, Margaret wa York. Mchoraji hajulikani kwa jina. Lakini nia yake haina fumbo: kitabu ni dirisha, na pambizo ni kizingiti chake.

Katika kitabu hicho hicho kuna kurasa zilizotiwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa fedha na dhahabu. Vitabu vyeusi vilikuwa fahari ya walio karibu na ikulu ya Burgundia, ambako nyeusi ilikuwa rangi ya heshima na ya gharama. Vilivyobaki ni vichache sana, kimoja kikiwa katika maktaba ya Morgan huko New York, na sababu mojawapo ni kwamba ile rangi nyeusi yenyewe huila ngozi.

Mashine ya kuchapa haikuvimaliza papo hapo

Hesabu ya shuleni inasema Gutenberg alichapa katika miaka ya 1450, basi vitabu vya mkono vikafa. Tazama tarehe zilizotajwa hapo juu: karibu zote zimekuja baada yake. Miaka ya 1470, wakati pambizo za maua zinazaliwa, Colard Mansion alikuwa tayari anachapa vitabu humo humo Brugge. Mashine iliwachukua wateja wa bei ndogo. Wenye mali walibaki na sababu mpya ya kutaka kitu ambacho mashine haikiwezi.

Wa mwisho katika vigogo ni Simon Bening, mwana wa mchoraji Alexander Bening, aliyefariki 1561. Karibu mwaka 1540 karakana yake ilitoa kitabu kidogo ambacho sasa kiko British Library na hujulikana kama Kitabu cha Gofu, kwa sababu chini ya mwezi wa Septemba kuna wanaume wanaocheza mchezo wa fimbo na mpira. Mwaka 1558 alijichora akiwa na umri wa miaka 75, ameketi karibu na dirisha, miwani mkononi. Binti yake Levina Teerlinc alikwenda Uingereza, na kuanzia 1546 alilipwa pauni 40 kwa mwaka kama mchoraji wa ikulu, mshahara uliozidi aliokuwa akipata Hans Holbein, mchoraji mashuhuri wa ikulu hiyo kabla yake. Huko soko lilitaka vijipicha vya nyuso za watu, si vitabu vya sala. Nyumbani, mabishano ya dini yalikuwa yamewagawa wateja, na mwaka 1571 Papa Pius V akapiga marufuku matoleo ya zamani ya vitabu hivyo, akataka litumike toleo lililosahihishwa.

Ukitaka kuvisoma mwenyewe

Maktaba nyingi zinazovimiliki zimeziweka kurasa zake mtandaoni bure. Wengi hukimbilia picha kubwa. Mimi ningeanza na kalenda, ambako sikukuu kuu zimeandikwa kwa wino mwekundu au dhahabu na za kawaida kwa mweusi. Ukimwona Mtakatifu Donasiani kwa wekundu tarehe 14 Oktoba, inaelekea kitabu kililengwa kwa mtu wa Brugge. Bavo kwa wekundu tarehe 1 Oktoba anakupeleka Gent. Kitabu kilichouzwa Uingereza kitakuwa na Thomas Becket, askofu mkuu Mwingereza aliyeuawa na kutangazwa mtakatifu, tarehe 29 Desemba, na mara nyingi utakuta jina lake limekwanguliwa au kupigwa mistari, kwa sababu mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliamuru afutwe. Wengine walipiga mstari mmoja mwembamba tu, jina likabaki linasomeka vizuri.

Kisha tazama pembe za chini za kurasa, pale kidole gumba kinaposhika. Mtafiti Kathryn Rudy alitumia kifaa cha kupima weusi wa uchafu katika vitabu vya sala vya Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo) ili ajue ni sala zipi zilifunguliwa mara nyingi na zipi zilirukwa. Kipimo hicho hakifanyi kazi kwenye vitabu vyote. Wafanyabiashara na wajalidi wa karne za baadaye walizikata kingo na kuzisafisha kurasa ili zipate bei nzuri, na vidole vya wenyewe vikaondoka pamoja na uchafu.